Uso wa Pili wa Santuri: Mikusanyo ya Super Mazembe na Suala la Hifadhi ya Kidijitali

Utangulizi

Mnamo mwaka 2001 lebo ya Earthworks ya Uingereza ilitoa CD iliyoitwa "Giants of East Africa", mkusanyo wa nyimbo zilizovuma za Orchestra Super Mazembe. Mwaka 2013 kampuni ya Sterns ya London nayo ilitoa mkusanyo wa bendi hiyo hiyo, "Mazembe @ 45RPM", ambao, kama jina lake linavyojulisha, umejengwa juu ya zile santuri ndogo zilizozungushwa mara 45 kwa dakika. Mikusanyo hii imekwisha kusifiwa, nayo inastahili sifa, kwa ajili ya magitaa yake, mdundo wake na sauti za waimbaji wake. Jambo ambalo halijazingatiwa ipasavyo ni nafasi yake kama matini. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hasa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, nyimbo hizi ni ushahidi wa jinsi lugha ilivyotamkwa, ilivyochanganywa na ilivyosafiri katika miaka ya 1970 na 1980. Na kwa kuwa santuri zenyewe zimekuwa adimu, mkusanyo ndio unaojikuta umeshika nafasi ya hifadhi.

Makala haya yanashikilia kwamba nafasi hiyo si yake. Mkusanyo wa nyimbo bora ni kazi ya uhakiki: mtu ameketi, amesikiliza, amechagua na ameacha. Hifadhi ni kazi ya namna nyingine kabisa, na anayeitumia ya kwanza kana kwamba ni ya pili atafanya makosa ya kiisimu yasiyo madogo. Mifano itatolewa katika nyimbo mbili zinazojulikana kuliko zote za bendi hii, "Kasongo" na "Shauri Yako", pamoja na kuugusa kidogo wimbo wa tatu, "Bwana Nipe Pesa".

Bendi, soko na lugha

Bendi hii ilianzia Kongo mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, ikiongozwa na Mutonkole Longwa Didos. Ilifika Nairobi mwaka 1974 na hapo ikachukua jina la Super Mazembe, linalofafanuliwa kuwa ni mitambo mikubwa ya kuchimbua ardhi. Haikuwa peke yake katika safari hiyo. Baba Gaston, yaani Ilunga wa Ilunga, alikuwa amekwisha kupita Dar es Salaam kabla ya kuhamia Nairobi na bendi yake ya Baba National; na ni kutoka bendi hiyo walikojitenga, mwaka 1976, wanamuziki walioanzisha Les Mangelepa. Samba Mapangala naye alikuja kwa njia ya Uganda, na bendi yake akaiita Virunga, jina la milima ya volkeno ya Kivu.

Kilichowavuta wote hao ni viwanda. Nairobi ilikuwa na studio, mitambo ya kutengeneza santuri na wafanyabiashara waliozisambaza hadi vijijini. Hali ilikuwa tofauti ng'ambo ya mpaka wa kusini. Bendi za Tanzania zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zao zikabaki kwenye utepe isipokuwa zile zilizopata njia ya kwenda Nairobi kufanywa santuri. Nayo njia hiyo ilibanwa mno pale mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe tena hadi mwaka 1983.

Soko hilo ndilo lililoamua lugha. Kilingala kilikuwa na hadhi ya rumba, na msikilizaji wa Nairobi alikipenda hata pale asipokielewa. Lakini aliyetaka kuuza kutoka Mombasa hadi Bukavu hakuweza kukiepuka Kiswahili. Ndipo wanamuziki waliolelewa katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo walipoanza kuimba Kiswahili kilichopindwa kidogo kuelekea sikio la Nairobi. Wimbo "Bwana Nipe Pesa" unatosha kuonyesha hayo hata kabla haujapigwa. Neno "pesa" ni la soko la pwani na la Nairobi. Mke wa Kongo mashariki anayemdai mumewe matumizi angeweza vilevile kusema "falanga" au "feza". Aliyetunga jina la wimbo alijua santuri itanunuliwa wapi.

Kwa mwenyeji wa Uvira mzunguko huo una sura ya pekee. Mji umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, taa za Bujumbura zikionekana ng'ambo, na vyombo vya majini vikielekea Kalemie na Kigoma. Wimbo uliotungwa na Wakongo ulirekodiwa Kenya, kisha ukarudi Kongo kwa mawimbi ya redio za nchi jirani na kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Waliozaliwa kando ya ziwa hili waliusikia Kiswahili chao kikirudi kimevaa nguo za ugenini. Wengine walikiiga katika usemi wao, wengine walikicheka. Athari ya kurudi huko juu ya Kiswahili cha mashariki ya Kongo haijafanyiwa utafiti wa kutosha, na haitafanyika bila sauti zenyewe.

Sauti za pamoja na uso wa pili

Enzi inayozungumziwa hapa ni enzi ya disko, na yafaa kulinganisha. Makundi ya uimbaji ya Ulaya yaliyotawala kumbi za dansi za wakati huo, kama vile ABBA na Boney M., yalitunga nyimbo za dakika tatu au nne, zinazokaa barabara kwenye uso mmoja wa santuri ndogo. Uso wa pili ulipewa wimbo mwingine, mara nyingi dhaifu zaidi. Kwa hiyo mkusanyo wa "ABBA Gold" ulipotolewa mwaka 1992 kazi ya mhariri ilikuwa ni kupanga tu: wimbo ni mmoja, uso ni mmoja, utepe mama umo ghalani mwa kampuni.

Santuri ya bendi ya Kikongo ya Nairobi haikuwa hivyo. Wimbo mmoja ulikuwa mrefu kuliko uso mmoja, hivyo ulikatwa katikati. Uso wa kwanza ulibeba maneno: ubeti, kiitikio, sauti mbili au tatu zikienda pamoja. Uso wa pili ulibeba sebene, ile sehemu ya kasi ambapo magitaa yanachukua uwanja, na waimbaji wanabaki kuitikia, kuhimiza, kutaja majina ya wenzao na ya marafiki, na kupiga kelele za furaha. Redioni mtangazaji aliyebanwa na muda alicheza uso wa kwanza. Katika ukumbi, na katika baa yenye kinanda cha santuri, uso wa pili ndio uliosubiriwa.

Kwa mwanaisimu nyuso hizi mbili si sawa kwa thamani, na hapa ndipo maoni ya wengi yanapohitaji kurekebishwa. Inadhaniwa kwamba lugha ya wimbo iko katika maneno yake, yaani katika uso wa kwanza. Lakini waimbaji watatu wanaoimba kwa pamoja hulazimika kupatana: irabu zao zilingane, viambishi vyao vilingane, lafudhi zao zikutane mahali fulani katikati. Sauti za pamoja husawazisha lugha. Super Mazembe ilikuwa na waimbaji wa asili mbalimbali, mmoja wao Lovy Longomba mwenye sauti ya juu nyembamba, mtoto wa Vicky Longomba aliyekuwa miongoni mwa nguzo za rumba ya Kinshasa. Mtu huyo hakukipata Kiswahili alikokipata Mkatanga. Wanapoimba pamoja tofauti hizo hazisikiki. Kiswahili chao ni laini, kimepigwa msasa, karibu hakina kwao.

Katika sebene msasa unatoka. Anayehimiza yuko peke yake, hana ubeti wa kumwongoza, na lugha inayomtoka ni ile ya mdomoni: Kilingala kikiingiliwa na Kiswahili, neno la Kifaransa likichomoza, jina la mtu likitamkwa kama linavyotamkwa kwao. Atakayetaka kujua lugha ya mseto ya Wakongo wa Nairobi katika mwaka wa 1980 na asisikilize uso wa pili, atakuwa amesoma barua rasmi za mtu akidhani amesikia mazungumzo yake.

Kwa jambo hili mikusanyo ya CD inastahili shukrani, kwa kuwa CD ina nafasi, na mhariri anaweza kuziunganisha nyuso mbili wimbo usikike mzima. Hata hivyo kuunganisha nako ni kuhariri. Mwisho wa uso wa kwanza sauti hufifia. Mwanzo wa uso wa pili huweza kurudia midundo kadhaa iliyokwisha kusikika. Anayeunga hukata pale anapoona panafaa, na mshono ukiwa mzuri hauonekani. Mcheza dansi hana haja ya kuujua mshono huo. Mtafiti anayepima urefu wa sebene, au anayehesabu ni mara ngapi waimbaji wanabadili lugha, ana haja nao, na haupati popote ikiwa nakala ya nyuso mbili, kila mmoja kwa upweke wake, haikuwekwa kando.

Hali ya sasa ya intaneti imeurudisha uso wa kwanza, tena kwa ukatili zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025 vijana wa Kenya waliuchukua "Kasongo", wakaucheza katika klipu za sekunde chache, na jina hilo likawa la utani kwa Rais William Ruto. Mamilioni ya masikio yalirudi kwa Super Mazembe, takriban miaka 40 baada ya bendi kuvunjika mwaka 1985. Walichokisikia ni kiitikio. Kwamba wimbo, ambao kwa sehemu kubwa ni wa Kilingala, ni maombi ya mke anayemwita mumewe arudi kwenye ndoa, si wengi waliolijua; na kwa kweli utani wao haukulihitaji. Wimbo unaweza kuishi hivyo, na ni vizuri kwamba unaishi. Bali uhai wa namna hiyo haupaswi kuhesabiwa kuwa ni kuhifadhiwa.

Herufi moja zaidi

Suala la pili ni la jina. Katika baadhi ya santuri na orodha wimbo huu umeandikwa "Kassongo", kwa herufi s mbili. Katika nyingine ni "Kasongo". Msikilizaji wa kawaida atapita. Anayetafuta katika orodha ya kidijitali hapiti, kwa kuwa mashine ya kutafutia huyachukua maandishi hayo kuwa ni majina mawili, na nusu ya ushahidi hubaki gizani kwa ajili ya herufi moja.

Herufi hiyo nayo ni ushahidi. Msomaji wa Kongo aliyefundishwa kusoma kwa Kifaransa anajua kwamba s moja kati ya irabu mbili husomwa z. Aliyeandika "Kassongo" alikuwa akimlinda msomaji asiseme "Kazongo". Alama hiyo inatuambia mwandishi alisomea wapi na alimfikiria msomaji gani. Aliyeandika "Kasongo" alifuata tahajia ya Kiswahili, ambamo s ni s daima. Ndivyo ilivyo pia kwa kituo cha juu katika jina la Nguashi N'timbo, ambaye atatajwa hapa chini, na kwa bendi yenyewe kuitwa mara "Orchestre" na mara "Orchestra". Mhifadhi mwenye nia njema atataka kusawazisha yote haya. Akifanya hivyo atarahisisha utafutaji na kufuta historia ya maandishi kwa wakati mmoja. Njia iliyo sahihi inajulikana katika elimu ya maktaba: jina la kutafutia liwe moja, na kando yake yaandikwe maumbo yote kama yalivyosomeka kwenye lebo, pamoja na picha ya lebo hiyo.

Majina ya watu yana mtego zaidi. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu, katika siasa yake ya uhalisi, ulipiga marufuku majina ya Kikristo, na raia wa Zaire wakajiandika kwa majina ya asili. Mwanamuziki aliyerekodi kabla na baada ya hapo aweza kuonekana katika orodha kama watu wawili. Na katika kisa chetu liko jambo la kuchekesha kidogo: miongoni mwa waimbaji wa Super Mazembe alikuwamo Kasongo wa Kanema. Basi neno moja laweza kuwa jina la wimbo, jina la mume anayeitwa arudi, jina la mwimbaji, na pia jina la mji wa Maniema uliokuwa ngome ya Tippu Tip na mojawapo ya milango iliyokiingiza Kiswahili Kongo. Mashine haitenganishi hayo. Anayetenganisha ni mtu aliyekaa na orodha na kuijaza.

Tarehe nazo zimo mashakani. Katika majukwaa ya kusikilizia muziki nyimbo za mkusanyo kwa kawaida hubeba mwaka wa mkusanyo. Mwanafunzi anayefungua "Kasongo" anaweza kusoma 2001, hali wimbo ni wa miaka ya 1970. Akiandika tasnifu juu ya msamiati wa nyimbo za mwanzo wa karne hii na akautia wimbo huo ndani, si yeye peke yake wa kulaumiwa. Kijitabu cha CD, ambamo mhariri hueleza asili ya kila wimbo, hakisafiri na faili.

Shauri ya nani?

Wimbo uliowapa Super Mazembe jina kubwa zaidi nje ya Kenya, "Shauri Yako", haukutungwa na wao. Mtungaji ni Nguashi N'timbo, ambaye aliurekodi na bendi ya Festival du Zaire kabla ya Super Mazembe kuupiga kwa namna yao. Namna hiyo ya pili ndiyo iliyoingia pia katika mkusanyo maarufu wa Earthworks, "Guitar Paradise of East Africa", na kutoka hapo katika masikio ya Ulaya na Marekani. Leo anayesema "Shauri Yako" anamaanisha Super Mazembe.

Hakuna wizi unaodaiwa hapa. Bendi za mji mmoja zilipokezana nyimbo, na msikilizaji wa wakati huo alijua nani ni nani. Lawama ni kwa umbo la mkusanyo wa nyimbo bora lenyewe. Umbo hilo limesimama juu ya jina la bendi moja, na kwa hiyo haliwezi kuziweka namna mbili za wimbo mmoja ubavu kwa ubavu. Hifadhi ingeziweka. Na zikiwekwa hivyo, swali la kiisimu linajitokeza lenyewe: maneno yale yale, yakitoka kinywani mwa mtungaji na kisha kwa waimbaji wengine, yamebadilika wapi? Ni kiambishi gani kimerekebishwa? Ni irabu gani imevutwa? Ni nadra lugha ya mazungumzo ya wakati huo kutupa jozi ya namna hii, yenye matini moja na vinywa viwili, na kuiacha ipotee ni hasara ambayo ripoti ya uchimbuzi wa lugha haiwezi kuilipa baadaye.

Jina la wimbo nalo limekuwa likisahihishwa na walimu. Kwa kanuni za upatanisho wa kisarufi neno "shauri" liko katika ngeli ya li-ya, hivyo ingetarajiwa "shauri lako". Ukweli ni kwamba "shauri yako", kwa maana ya kumwachia mtu jambo lake na matokeo yake, ni usemi uliokwisha kuganda, nao husikika hata kwa wasemaji wa pwani wasiokosea ngeli. "Shauri lako" ni ushauri ulioutoa wewe. "Shauri yako" ni mzigo ulioachiwa. Mpenzi katika wimbo anamwachia mwenziwe uamuzi huku bado akimsihi, na ukali wa kauli hiyo umo katika umbo lake lililoganda. Msahihishaji angeuondoa.

Kwa msikilizaji wa mashariki ya Kongo kuna tabaka jingine tena. Katika Kiswahili chake vimilikishi vya "yangu, yako, yake" vimeenea hadi kwenye nomino nyingi ambazo Kiswahili sanifu kingezipa viambishi vingine, kama vile viambishi vya ngeli navyo vinavyofuata njia yake, "batu" badala ya "watu". Hivyo msemaji wa Kiswahili hicho akisikia "shauri yako" haoni usemi ulioganda wala kosa. Anasikia sarufi ya nyumbani. Msemaji wa Mombasa anasikia methali fupi. Wa Nairobi, ambaye Kiswahili chake nacho hakishiki sana ngeli, anasikia maneno ya kila siku. Maneno mawili tu, na kila mwambao umeyachukua kuwa ni yake. Hii ni sababu mojawapo, mbali na magitaa, ya wimbo kuvuka mipaka kwa urahisi ule, na ni ajabu kwamba wachambuzi wa muziki hawajaigusa.

Hifadhi za nani, na za kitu gani

Isidhaniwe kwamba eneo hili halikuwahi kurekodiwa. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alikuwa amepita Kongo na Rwanda na vyombo vyake mwaka 1952. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina hazina kubwa ya sauti za Afrika ya Kati, na sehemu kubwa yake imekwisha kunakiliwa kidijitali. Lakini wakusanyaji hao walitafuta ngoma, zeze na nyimbo za jadi. Gitaa la umeme, kwa macho ya wengi wao, lilikuwa uchafu wa mjini. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo aweza kusikia ngoma ya miaka ya 1950 katika nakala safi yenye jina la kijiji na tarehe, na asipate hata jina la mpiga besi wa wimbo ambao baba yake aliucheza harusini. Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiandikisha rumba ya Kongo katika orodha ya urithi usioshikika. Ni heshima kubwa, ila maombi yale yalitoka Kinshasa na Brazzaville, na rumba iliyosafiri mashariki na kujifunza Kiswahili haina wakili.

Kuhusu ufundi wa kunakili, kanuni si siri. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, katika mwongozo wake uitwao TC-04, kinataka sauti ichukuliwe kwa sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde na kina cha biti 24, na kinapendekeza 96,000. Muhimu kuliko tarakimu hizo ni sharti jingine: nakala ya hifadhi isisafishwe. Mikwaruzo ibaki, mngurumo ubaki, kasi isiyo sawa iandikwe. Kusafisha kufanywe katika nakala ya kusikiliza. Mkusanyo wa kibiashara hufanya kinyume, na ni haki yake, kwa kuwa hakuna anunuaye mikwaruzo. Mara nyingi mhariri wa nyimbo za Nairobi hana hata utepe mama. Huanzia kwenye santuri iliyochakaa. Wala utajiri si kinga: moto uliozuka katika majengo ya Universal huko California mwaka 2008 uliteketeza tepe mama za wanamuziki wakubwa wa Marekani, na ukubwa wa hasara haukujulikana hadharani hadi mwaka 2019.

Uvira haina ghala la kuungua. Hifadhi yake imo majumbani, katika makasha ya viatu, katika vibanda vya waliokuwa wakinakili kaseti kwa malipo. Vita vya mwaka 1996 viliwakimbiza wenye kaseti hizo. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuzoa nyumba na watu, na katika miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika mitaa ya Kavimvira. Kaseti iliyolowa matope haichezi tena. Yenye bahati imekwisha kupoteza sauti za juu kwa sababu ya umri wa utepe, na hizo ndizo zinazotofautisha s na sh, z na th, yaani zile konsonanti ambazo mwanafonetiki anazitaka kwanza.

Kaseti iliyonakiliwa mara tatu ni ushahidi mbaya wa sauti, lakini ni ushahidi mzuri wa usikilizaji. Kwenye kifuniko chake mwenyewe ameandika jina la wimbo kama alivyolisikia. Amepanga nyimbo kwa mapenzi yake. Mara nyingine ameanza kurekodi mtangazaji akiwa bado anazungumza, na sauti ya mtangazaji huyo, kwa Kiswahili cha redio cha mwaka fulani, imebaki humo bila mtu kukusudia. Mkusanyo wa London hauwezi kuwa na hayo. Ndiyo sababu idara za lugha katika vyuo vya Kivu zisingoje mitambo mikubwa kabla ya kuanza. Simu ya mkononi inatosha kupiga picha ya kifuniko na ya pande zote mbili za kaseti. Kinasa sauti cha bei nafuu chenye waya, kikiunganishwa na redio-kaseti nzima, hutoa nakala inayokubalika. Na umeme wa Uvira, ambao haumwahidi mtu kitu, huruhusu walau saa chache za usiku. Kinachohitaji elimu ya chuo ni daftari: jina kama lilivyoandikwa, jina kama lilivyotamkwa, lugha ya kila sehemu ya wimbo na si ya wimbo kwa jumla, na mahali kaseti ilikotoka.

Safu ya lugha ndiyo itakayoleta ubishi. Orodha za kidijitali hutaka neno moja, na wimbo kama "Kasongo" hupewa Kilingala, au hupewa Kiswahili kwa kuwa ulitoka Nairobi. Daftari la idara liiache safu hiyo wazi mpaka uso wa pili usikilizwe hadi mwisho.